Ngombe ya Mama Jokébed

Kule Mususa kuko ngombe moja yenye hapana kula majani. Mama Jokébed njo aliitengeneza na mikono yake, na vitu yenye batu balitupa mu bonde nyuma ya soko. Tumbo ni pipa. Miguu ni mabomba ya moshi ya pikipiki. Masikio ni vifuniko vya sufuria, mukia ni nyororo ya pikipiki, ulimi ni kandambili nyekundu ya mutu fulani. Na iko nzuri, mpaka dume moja yenye balikuwa banatoa Lubero kupeleka ku abattoir kuchinjwa ilisimama mbele yake siku mbili, ikakataa kuendelea. Balibembeleza, balipiga, hapana. Balimuchinja palepale mu barabara, na nyama yake ilikuwa tamu sana juu ya mapendo.

Jokébed alitoka Mbau akikimbia vita. Aliacha nyumba, aliacha shamba ya kakao. Kichwa ngumu, ile alibeba.

Shefu ya quartier ya Mususa, Ézéchias, hakupenda ngombe. Alisema inaharibu sura ya barabara. Alhamisi akapita na kipaza-sauti: "Jumamosi ni salongo, batu bote kusafisha mutaa. Kila nyumba itoshe takataka yake. Mutu yenye tutajua alitupa kitu mu bonde, atalipa amende, mbuzi moja. Na ile takataka ya Mama Jokébed itavunjwa."

Jokébed alikuwa anamenya mihogo. Hakusimama.

"Shefu, Mbau balinifukuza na bunduki. Weye unakuya na ufagio?"

"Ni sheria, mama."

"Basi ikuye yote, hiyo sheria. Isikuye nusu."

Ijumaa jirani yake Mariette akakuya na shauri. "Mama, tuifiche kwangu. Tutasema iliibiwa."

"Ngombe ya kuficha ni ya mwizi. Hii ni yangu."

Akaipakaa mawese mwili muzima, mpaka ikang'aa.

Jumamosi batu balikuya na majembe, na nyundo tatu. Balikuta Jokébed amekaa ku kiti mbele ya ngombe, amevaa kitenge ya kanisa.

"Shefu, ulisema kila nyumba itoshe takataka yake?"

"Nilisema."

"Vizuri. Hapa hakuna kitu hata kimoja kilitoka kwangu. Donc kila mutu akamate yake, miye siwezi beba uchafu ya benyewe. Lusenge, ile mukia, si nyororo ya pikipiki yako?"

Lusenge aliangalia nyororo, kisha akakumbuka mbuzi yake. "Hapana, mama. Yangu ilikuwa fupi."

"Mama Bénite, sikio ya kuume?"

"Miye napikaka bila kifuniko," Bénite akajibu, na bwana yake akaitikia, ye mwenye kujua ukweli.

"Na ulimi?"

Mzee Josaphat wa korali ya kanisa akaangalia mbingu. Bengine baliangalia miguu yabo. Mu Mususa yote, kumbe, hakuna mutu alishavaaka kandambili nyekundu.

"Ah, niliishi na malaika na sikujua," Jokébed akasema. "Kunabakia tumbo. Shefu, sogea utusomee. Miye sikusoma, lakini naona maandiko nyeupe ku hiyo pipa."

Ézéchias hakusogea. Hakukuwa na lazima ya kusoma. Ile pipa ilikuwa yake ya maji kabla ya kutoboka, na jina lake aliliandika ye mwenyewe, na burashi, herufi kubwa, juu ya kuogopa wezi.

"Shefu, tunangoja," Lusenge akasema. Alikuwa na nyundo.

"Hii hapana takataka," Ézéchias akasema chini-chini.

"Miye ni muzee, masikio iliziba. Kamata kipaza-sauti."

Akakamata. "Hii hapana takataka."

"Ni nini basi?"

Jembe moja iliteleza mu mukono ya mutu, ikaanguka.

"Ni ngombe," Ézéchias akasema, na hata Beni, muji ya mbali, balisikia.

"Ya nani?"

"Ya Mama Jokébed."

"Merci, shefu." Akasimama, akasogeza kiti. "Sasa mufagie hapa chini yake, na mufagie muzuri. Ngombe inachafuaka."