Walisema kocha anamchukia mwanangu, kumbe alikuwa anampumzisha mkono

Admin, jina langu lifiche, lakini maneno yangu yaache yalivyo. Watakaonitukana nitawavumilia, ila wanisome mpaka mwisho.

Mimi ni mama wa miaka arobaini na mbili, mzaliwa wa Uvira, Kongo. Naishi Louisville, Marekani, na mume wangu na watoto watatu, nafanya kazi kwenye ghala la mizigo. Mwingine, kifungua mimba wangu, ana miaka kumi na sita. Nitamwita Amani. Yeye sasa yuko Columbus, Ohio, mtaa wa Linden, kwa kaka mkubwa wa mume wangu. Sikumpeleka mimi, na wala sikuulizwa.

Amani anacheza besiboli ya shule. Ni mrushaji, yule anayemtupia mpigaji mpira, na anarushia mkono wa kushoto. Kule kambi ya wakimbizi tulikotoka, bibi yake alikuwa anampiga vidole asile kwa mkono huo, na hapa mkono huohuo ndio uliompa jina. Mimi mchezo wenyewe sikuupenda, niliona watu wamesimama kwenye nyasi kama wanangoja basi. Lakini nikitoka kazini nilipitia uwanjani kumwangalia mwanangu, wazazi wenzangu wakanielewesha kidogokidogo, mpaka nikaanza kupiga kelele kuliko wao.

Mume wangu hajawahi kukanyaga uwanja ule. Yeye na ndugu zake, mkubwa wa Columbus na mdogo wa Buffalo, wana grupu lao kwenye simu, mimi naliita bunge. Kutwa ni maoni tu kuhusu timu za kulipwa: kocha huyu afukuzwe, mrushaji yule analipwa bure, timu ya Ohio imeoza, timu ya New York inanunua ushindi. Sikuwaingilia, maana maneno hayalipiwi kodi. Balaa lilianza walipomgeukia mtoto wangu.

Siku moja Amani alirusha vizuri mpaka wazee wa watu wakasimama kumpigia makofi. Mechi iliyofuata kocha akamweka benchi. Nilikwenda kumuuliza, akanieleza kwa upole kwamba mrushaji akishatumika sana lazima mkono upumzike siku kadhaa, la sivyo unaharibika. Amani mwenyewe alikuwa anacheka na wenzake, anatafuna mbegu za alizeti. Mdogo wake akampiga picha hapo benchini, akaituma kwa baba yake, na baba akaipeleka bungeni.

Jamani! Hawa wanaume wamekulia kwenye mpira wa miguu. Kwetu mchezaji aliyeng'ara jana akikaa benchi leo, hapo kuna fitina, na familia nzima inainuka. Shemeji mkubwa akapiga simu, mume akaweka sauti kubwa.

"Bon, uyu mutoto banamuchukia," akasema. "Mumulete kwangu. Uku Columbus kuko mashule ya michezo ya nguvu."

Nikasema, "Shemeji, anapumzishwa mkono. Kocha ameniambia mwenyewe."

"Mama Amani, mambo ya kandanda achia wanaume."

Kandanda! Hata jina la mchezo hakulipatia. Nikamgeukia mume wangu, akaniambia, "Kaka mukubwa ashasema. Weye njo nani wa kukatala?" Kwetu baba mkubwa akimtaka mtoto, mtoto anakwenda. Jumapili baada ya ibada akapakiwa na begi lake. Nilimfungia maandazi, nikalia bafuni.

Haya, alipofika huko shule ikampokea vizuri. Kocha alipouliza wazazi wanaishi wapi, shemeji akajibu kwa kifua kwamba wako Louisville, mtoto yuko kwake. Kumbe kanuni za huko ziko hivi: mwanafunzi akihama shule na wazazi wake hawakuhama, mechi za msimu ule hachezi. Hakuna kati yao aliyefikiria kuuliza. Nani kwetu anauliza mtoto amelala nyumba gani ya ukoo? Kwa hiyo mtoto aliyepumzishwa siku chache hapa, huko amekaa benchi msimu mzima. Nawaambia ukweli, nina hasira.

Mngedhani wameona aibu. Wapi! Wiki hii bunge limekaa tena. Shemeji mdogo wa Buffalo ameshauri, "Donc tumulete kwangu. Uku bapenda besiboli, hata baridi haibakataze." Mume amekubali, na safari imepangwa wiki ijayo. Nikamuuliza kama Buffalo hakuna kanuni, akasema nina roho ya kukatisha tamaa. Nimezungumza na kocha wa hapa. Anasema Amani arudi tu, ataanza mazoezi na wenzake, na ruhusa ya kucheza mechi ataifuatilia yeye mwenyewe. Nilipomweleza mume, akanijibu kwamba kumrudisha ni kumvua nguo kaka yake mbele ya ukoo, na nikimfuata mtoto, nitafute pa kukaa naye.

Miaka yetu kumi na nane ya ndoa hajawahi kunitamkia neno kama hilo. Ni baba mzuri, hanywi, hanipigi. Na hao ndugu zake ndio waliotupokea tulipofika nchi hii na mabegi ya plastiki. Ndiyo maana sijavunja neno lao mpaka leo.

Lakini jana nilimpigia Amani. Huyu mtoto mimi humsemesha Kiswahili, yeye hunijibu Kiingereza, ndivyo walivyo wote. Nikamuuliza mkono unaendeleaje. Akanijibu kwa Kiswahili cha bibi yake, "Mama, sirushi tena. Naikala tu ku benchi. Ukuye unichukue."

Jumamosi siko kazini, na gari lina mafuta. Wazazi wenzangu, na hasa nyinyi wanaume wa Kikongo mnaonisoma: nimheshimu shemeji, au nimfuate mwanangu? Mimi ufunguo ninao mkononi, nangoja neno lenu.