Ndoo Iliyomwagwa na Kiti cha Mbele

Pukhraj hakulia mkewe alipokufa, na siku ya tisa ya msiba alikuwa bado hajalia. Aliketi uani na wanaume wenzake, kichwa kimenyolewa, akiitikia pole. Akiletewa chai anakunywa. Akisahauliwa, hadai. Dada yake Gavri, aliyekuja kusimamia msiba, alimgusa bega kila alipopita, kama mtu anayepima iwapo jiko bado lina moto.

Mkewe aliitwa Dhapu. Sasa alikuwa nje, ndani ya mfuko mwekundu wa kitambaa uliofungwa kwenye tawi la mti wa khejri, maana mifupa ya marehemu ikishaokotwa majivuni haiingizwi tena kwenye nyumba ya walio hai. Ilitakiwa iingie mto Ganga kule Haridwar, kilomita kama mia sita, kabla ya siku ya kumi na mbili. Na Pukhraj alishasema: atampeleka kwa gari lake mwenyewe, kiti cha mbele.

Gari hilo la dizeli la viti saba liliwalisha miaka mitano, likibeba maharusi na wagonjwa wa vijiji vyote vya upande ule wa wilaya ya Nagaur. Miaka yote hiyo Dhapu hakukaa mbele hata mara moja. Mbele hukaa anayelipa. Mwenyewe alikuwa akicheka, "Siku moja utanipakia huko kama bibi harusi." Siku hiyo haikupatikana.

Basi asubuhi hiyo ya tisa akaenda kuliwasha gari, taa ya njano ikamwakia usoni. Kilomita mia na arobaini, ilisema, halafu basi. Magari ya dizeli ya siku hizi yana tangi la pili, dogo, la maji ya yurea yanayosafisha moshi. Maji hayo yakiisha kabisa, ukizima injini haiwaki tena, hata uiombe.

Hakushtuka. Ndoo ya maji hayo ilikuwapo ndani ya nyumba, lita ishirini, haijafunguliwa. Dhapu ndiye alikuwa mtunzaji. Yale maji hayataki joto, na mwezi wa sita huko kwao hata kivuli kinaunguza, kwa hiyo yeye aliiweka ndoo kwenye kile kijumba cha ukutani cha mitungi ya maji ya kunywa, akaifunika gunia bichi, akalilowesha asubuhi na jioni. Pukhraj akaingia. Mitungi hakuna. Ndoo imelazwa kifudifudi, tupu, imeoshwa ikang'aa.

"Dada Gavri. Maji ya hii ndoo yako wapi?"

"Nimemwaga, mdogo wangu. Mtu akifa maji ya ndani si yanamwagwa yote? Mitungi nikavunja, ndoo nikaona hasara kuivunja."

"Haya hayakuwa ya kunywa."

"Yalikuwa meupe pee!" Gavri akasimama, ufagio mkononi. "Nikafungua mfuniko, nikasema huyu Dhapu kweli alikuwa msafi, hata maji kayafungia. Yalikuwa nini?"

"Ya gari."

Gavri akashika mdomo. Pukhraj alijua hapo angepaswa kukasirika. Alisubiri hasira ije, haikuja. "Haidhuru, dada," akasema.

Hukma, kaka wa Dhapu, akapiga kelele kutoka uani. "Shemeji, panda basi tu! Linapita saa kumi."

"Nitampeleka kwa gari."

"Basi tutengeneze wenyewe! Mbolea si ni yurea hiyohiyo? Gunia lipo ghalani. Tunakoroga na maji, tunachuja kwa kilemba changu."

"Mbolea imepakwa mafuta ya mwarobaini."

"Mwarobaini si dawa?"

"Ni dawa kwa mtu, Hukma. Kwa gari ni mazishi."

Wazee wawili wakacheka, kisha wakakumbuka waliko, wakanyamaza. Pukhraj alikuwa ameshachukua funguo.

Duka lilikuwa njia panda, kilomita thelathini. Ndoo za bluu zilipangwa nje juani kama ukuta. Akafanya kama Dhapu alivyokuwa akifanya: akainama, akapitisha kidole kwenye tarehe. Dhapu hakujua kusoma, ila tarakimu alizijua. Pukhraj akatazama shingo ya mfuniko: chumvi nyeupe imeganda. Akanusa. Ilinuka kama choo cha stendi.

"Bwana!" muuzaji akaita kutoka ndani, mbele ya feni yake. "Umekuja kununua au kuposa? Mbona unazichunguza hivyo?"

"Hizi zimepikwa na jua. Gari litazikataa."

"Malori yanakunywa kila siku, hayajalalamika."

"Malori hayasemi."

Muuzaji akatoka, mdomo umeshajiandaa kwa jibu. Akaona kichwa kilichonyolewa, kimeanza kuota vinyweleo. "Nani?" akauliza taratibu.

"Mke wangu. Nampeleka Haridwar. Nina kilomita mia na kumi."

Yule mtu akarudi ndani, akapiga magoti, akavuta ndoo kutoka chini ya kitanda chake cha kamba, mahali pa baridi kuliko pote dukani. Tarehe ilikuwa ya mwezi wa nne. Wakaifungua pamoja. Haikunuka kitu. "Hii nilimwekea mwenye malori," akasema. "Atanitukana, nimezoea." Akashika mpira wa kumiminia mwenyewe, mpaka tangi dogo likajaa. Taa ya njano ikazimika walipowasha mara ya pili. Pukhraj akashukuru kwa maneno yanayotakiwa.

Ndoo ilibaki na lita kama nane. Kwenye buti, kwa safari ndefu hiyo, zingechemka, kwa hiyo akazirudisha nyumbani, akaziweka kwenye kijumba cha mitungi, peke yake mle. Akalowesha gunia, akafunika, akaingiza ncha zake chini ya ndoo ili upepo usilifunue. Mikono yake ilijua.

"Hii siyo ya kumwaga?" Gavri akauliza, sauti ndogo.

"Siyo, dada. Uliloweshe gunia jioni."

Akatoka, akafungua fundo kwenye khejri. Mfuko ulikuwa mwepesi, una joto la jua. Akauweka kiti cha mbele, akavuta mkanda, akaufunga. Kisha akaugeuzia tundu la hewa ya baridi.

Gavri akaja dirishani. "Usisahau kumwambia Dhapu njia, ili roho yake isibaki nyuma. Kila kona, kila daraja."

"Ndiyo, dada."

Penye kisima akapunguza mwendo. "Tunakata kulia," akasema. Sauti ilikuwa ileile anayotumia kwa abiria.