Kibao cha TIR na pilau ya shemeji

Leo hapa Sumbawanga nimeona bajaji imebandikwa stika ya TIR.

Bajaji, jamani.

Nimecheka mpaka dereva akanuna.

TIR ni alama ya malori ya nje. Maana yake mzigo umefungwa kwa lakiri ya forodha, haufunguliwi njiani mpaka ufike unakokwenda.

Nililijua hilo kwa mbwembwe za shemeji yangu Idrisa, enzi za Ujamaa.

Lori lake halijawahi kuvuka mpaka wa Tunduma. Siku tunaleta mchele wa harusi ya binti yake kutoka Mbeya, akalipigilia kibao cha TIR alichong'oa kwenye gari bovu, eti tusikaguliwe.

Kweli, kila kizuizi wakatupisha. Shemeji akaanza kuongea kwa puani, kama mtu aliyezaliwa ng'ambo.

Kizuizi cha mwisho, bwana forodha akakisoma kibao.

"Karibuni wageni. Lakiri yenu iko wapi?"

Shemeji akajifanya anaitafuta mifukoni.

"Basi nawafungia mpya. Askari atawasindikiza mpaka bandarini Kasanga, ziwani, mzigo uvuke nje. Mjini hakuna kushusha."

Tukapita mbele ya nyumba yake mwenyewe. Akina mama wametoka na masufuria, wanapiga vigelegele. Shemeji akawapungia mkono. Lori halikusimama.

Wageni wa harusi walikula ugali wa ulezi.

Kwa hiyo wewe wa bajaji, bandika tu. Ila mimi sipandi. Nataka kushushwa kwangu.