Hodhi Lililosuguliwa Nusu

Mwaka 1971, wakati wa kipupwe, nilikuwa na umri wa miaka tisa, sijaingia skuli bado. Alasiri ile niliikumbuka juzi, nilipomwona mjukuu wangu akimimina siki kwenye vigae vya bafu.

Wanawake wa upande wa mposaji walikuwa wakija kumtazama shangazi yangu. Desturi yao ilikuwa kuomba maji ya udhu ili waukague msala, yaani bafu na choo cha nyumba. Wakiuona mchafu, posa huachwa. Mama alinipa ndimu na kumbi la nazi, niung'oe ukoko mweupe wa sabuni na maji ya kisima uliogandia hodhi. Ndimu ilipougusa, ukachemka kwa sauti. Niliamini hodhi linatoboka, nikaacha katikati. Leo najua ilikuwa chokaa tu ikiyeyuka.

Wageni walipofika, mkubwa wao, Bi Mize, aliingia msalani kutawadha, akatoka akicheka.

"Hodhi lenu limenyolewa upande mmoja! Kazi ya nani?"

"Yangu, bibi. Nilichelea litoboke, mkose maji ya kutawadha."

Mama aliinamisha uso. Bi Mize akamwambia, "Wengine husugua ili tuwasifu. Huyu kauhurumia udhu wetu. Haya, mwiteni mwari tumwone."

Ndoa ya shangazi ilifungwa Ijumaa, tarehe 13 Agosti 1971.