Kibuyu Kabla ya Ngazi

Ijumaa, tarehe 10 Oktoba 2025. Ukungu ulikaa juu ya migomba ya Nyakasimbi hadi saa tatu, kisha jua likatoka kali, bati likakauka.

Fundi Novatus alikuwa ameshafunga ngazi isiteleze. Kamba ya mkanda wake wa usalama aliirusha juu ya paa, akaifunga kwenye shina la mgrevilea nyuma ya nyumba, akaivuta kwa uzito wake wote mara mbili. Paneli mbili za sola ziliegemezwa ukutani zikiwa zimefunikwa blanketi, maana paneli ikipigwa na jua huzalisha umeme hata kabla haijafika juu. Kilichobaki ni kupanda.

Ndipo Mzee Rwezaura, mwenye nyumba, alipotoka na kibuyu cha rubisi. Alionja kwanza yeye, mgeni aone kwamba pombe haina sumu, kisha akamnyooshea fundi.

"Karibu, mwanangu. Fundi hapandi na koo kavu."

"Asante, Baba. Nitakunywa nikishuka."

"Nimeshaonja!"

Novatus alikitazama kibuyu. Kukataa kibuyu ambacho mzee amekionja ni kumwambia, mbele ya mkewe, kwamba humwamini. Lakini alimkumbuka pia Theoneste, aliyejifunza naye kazi. Kule Rugera, Theoneste alikunywa kwa adabu, akajiona mwepesi, akapanda bila kamba. Sasa anatembea kwa magongo. Tangu hapo Novatus alijiwekea sharti: siku aliyoonja pombe, hata funda moja, paani hapandi.

"Tangu lini bati likanusa mdomo wa mtu?" mzee alisema akicheka, ingawa macho yake hayakucheka.

"Halinusi, Baba. Miguu ndiyo inayojua."

"Basi sema tumekutilia sumu, tujue moja!"

"Rwezaura, mwache mtoto wa watu," mkewe, Adelgunda, alisema kutoka mlango wa jiko.

"Mtoto gani? Huoni mvi zile?"

Novatus akafungua mkanda kiunoni. Alipokea kibuyu kwa mikono miwili, akanywa funda moja, akashukuru, akakirudisha. Kisha akazunguka nyuma ya nyumba na kuanza kufungua kamba.

"Sasa unafanya nini?"

"Nimekunywa, Baba. Kazi ya paa ni kesho."

"Kesho! Wakwe zangu wanakuja kesho na watalala hapa. Niwapokee kwa koroboi?"

"Nitafika mapema. Leo navuta waya za ndani, miguu ikiwa chini."

Mzee aliweka kibuyu chini. "Ungenieleza tu."

"Ningeelezaje, Baba, nawe umeshaonja?"

Adelgunda alicheka hadi akashika kizingiti. Mzee hakucheka, lakini aliingia ndani mwenyewe kusogeza meza, fundi apate nafasi ya kupitisha waya.

Asubuhi yake Novatus alifika saa kumi na mbili na nusu. Bati liling'aa kwa umande, kwa hiyo hakupanda. Alimwamkia mzee, akakaa kwenye benchi akikaza skrubu za fremu. Mzee alitoka mara tatu kutazama barabara ya wageni, mara tatu akatazama paa. Saa nne kasoro Novatus alipitisha kiganja kwenye ukingo wa bati, akakiona kikavu. Akafunga kamba kwenye mgrevilea, akaivuta mara mbili. Mzee Rwezaura akakunja mikono ya shati, akaishika ngazi.

"Haya, nimeshika."

Novatus akapanda.