Kamba ya Mwirigi

Hezekiah Njiru wa Gachoka alikuwa na miaka ishirini na mitatu alipovunjika mguu akiruka na mwavuli, na jeshi likamrudisha nyumbani. Sasa ana sitini na minane. Anafuga mbuzi, anapanda ndengu, na ndege ikipita juu bado husimama mpaka mlio wake uishe.

Lakini anachokikosa zaidi hakiko angani. Ni Mwirigi, Mmeru wa Muthara. Siku hizo kila mwanajeshi wa miavuli alibeba kamba fupi, yenye kitanzi upande mmoja na kijiti upande wa pili. Mkiziunganisha mnapata kamba ndefu ya kuvukia mto au kushukia mwamba. Ya Njiru iliunganishwa na ya Mwirigi kila mara. Jioni walikaa kitandani wakizikunja, mzunguko juu ya mzunguko, bila msokoto hata mmoja, tayari kuvaliwa begani.

Baada ya ajali, Mwirigi aliandika barua nne. Njiru alionea aibu mkongojo wake. Hakujibu hata moja.

Mwaka jana binti yake Karimi, mwalimu, alihamishiwa shule moja karibu na Muthara. Akapiga simu.

"Baba, kuna mama kanisani kwetu anaitwa Makandi. Anasema bwana yake, Mwirigi, alikuwa jeshi la miavuli."

"Nakuja," Njiru akasema, akakata simu kabla ya kusikia mengine.

Makandi alimkaribisha sebuleni, akammiminia chai.

"Shemeji, umechelewa," alisema polepole. "Tulimzika, huu ni mwaka wa tatu."

Njiru alirudisha kikombe mezani. "Aliwahi kunitaja?"

"Kila Ijumaa alikuwa anaenda posta kuangalia kama umejibu. Nikamwambia labda ulikufa. Akakataa kabisa."

"Nilizisoma zote, mama. Ninazo mpaka leo."

"Angefurahi kujua."

Wakatoka nyuma ya nyumba, kaburi lilipo kando ya migomba. Njiru alivua kofia, akasimama muda mrefu. Alipogeuka, akaiona ile kamba imefungwa kwenye nguzo, kijiti chake kimelainika kwa kushikwa.

"Nilikuwa nafungia ndama, lakini tulimuuza," Makandi alisema. "Mimi sijui kuikunja. Yeye alipokuwa hai hakutaka mtu aiguse."

Njiru aliifungua, akaketi juu ya jiwe na kuanza kuikunja. Vidole vimekakamaa siku hizi, lakini vilijua njia. Makandi alijifuta macho kwa leso.

"Enda nayo, shemeji."

"Hapana. Hapa ndipo kwake."

Wakaongea juu ya Mwirigi mpaka saa ya kukamua ng'ombe. Karimi alipokuja kumchukua, Njiru alimwambia binti yake kwamba angelala kwake hadi Jumapili. Makandi alikuwa ameahidi kumwonyesha benchi ambalo Mwirigi alikuwa akikalia kanisani.