Mpira wa Baiskeli kwenye Saksafoni

Wifi yangu nilimshuku tangu siku ya kwanza. Nilikuwa nimerudi nyumbani, Lumemo, kurekodi kipande kimoja tu cha kupeleka kwa kundi la wapiga saksafoni huko Ulaya. Wakikipenda wananichukua, wakikikataa narudi kufundisha watoto wa shule nota, basi. Wifi akaniuliza naondoka lini. Mtu anakuuliza hivyo kwa nia gani, jamani?

Jumanne asubuhi kitufe kimoja cha saksafoni yangu kikagoma kunyanyuka. Kuchungulia, nakuta kipande cha mpira wa baiskeli kimebanwa pale kwa gundi ya pancha. Nikakibandua kwa hasira. Jumatano kingine, kitufe kingine. Nikawa nakula ugali wa wifi huku namtazama mikono, na alipocheka na jirani uani nilijua ananicheka mimi.

Alhamisi nikamwaga pumba za mpunga mlangoni kwangu, nikajifanya naenda sokoni. Kurudi, nyayo hizo: kubwa, za kandambili za mwanaume. Nikazifuata mpaka nyuma ya jiko. Baba, ambaye ujana wake wote alipiga tarumbeta kwenye bendi ya parokia, amekaa na saksafoni yangu mapajani, gundi pembeni.

Hata shikamoo sikuikumbuka. Nikamuuliza kwa nini anataka kunikatia riziki.

"Inavuja, mwanangu," akasema. "Nasikia hewa inatoka, sauti zinapasuka mbilimbili. Niliona aibu kukuambia."

Nikakaa chini, nikamweleza kwamba ule mlio wa pumzi umeandikwa hivyo kwenye nota, na zile sauti mbili kwa pamoja nimezihangaikia miaka. Nikabandua mpira, nikampigia kipande chote. Alisikiliza ameinamisha kichwa, kama mtu anayesomewa majibu hospitali.

Nilipomaliza akauliza polepole kama na zile rekodi nilizokuwa namtumia kwenye simu, zote, zilikuwa hivyo makusudi. Nikasema ndiyo, baba.

Akafunga kifuniko cha gundi.

"Basi mimi kila Jumapili nilikuwa nakuombea upate chombo kizima."

Nililia, sina haja ya kuficha. Kisha nikamwomba wifi atufukuzie kuku uani, nikaanza kurekodi.